Usiache Mbachao kwa Simu Mpya

Ndugu msomaji, simu yangu ya zamani ilinitumikia miaka sita. Kioo chake kilikuwa kimepasuka pembeni, chaji yake haikufika adhuhuri, na kila nilipotaka kupiga picha iliniarifu kwamba nafasi imejaa. Mwisho wa mwezi uliopita, baada ya kujinyima kwa muda mrefu, nilikwenda Kariakoo nikanunua mpya. Leo nataka nikusimulie yaliyonikuta, maana naamini nawe yatakufika siku moja, kama hayajakufika.

Dukani nilifanya jambo moja la busara. Kabla ya kutoa fedha nilibonyeza *#06#, zikajitokeza tarakimu 15 ambazo ndizo utambulisho wa simu, nikazilinganisha na zilizochapwa kwenye boksi. Sijasahau mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini, na watu wakabaki na vitu visivyofaa hata kumpigia jirani.

Muuzaji akahamisha laini yangu kutoka simu ya zamani hadi mpya. Nikatazama salio la fedha zangu, nikalikuta kamili. Nikampigia mama watoto, akapokea. Basi nikaridhika kwamba nimekwisha kuhama. Tukakubaliana na muuzaji kwamba kesho yake nimpelekee ile simu kuukuu, naye anirudishie sehemu ya fedha.

Ndugu msomaji, raha ya kitu kipya haina kificho. Njia nzima nilikuwa nikiitoa mfukoni na kuirudisha. Kioo chake king'avu, picha zake safi hata gizani, na inafunguka kwa kutambua uso wangu, japo asubuhi kabla sijanawa ilinikana. Hata hivyo, si yote yaliyonifurahisha. Inateleza mkononi kama kambale. Chaja yangu ya zamani haikuingia. Nilipoandika "shikamoo" ilitaka kunisahihisha, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa Kiswahili. Na kila programu niliyoifungua iliomba ruhusa: moja itazame picha zangu, nyingine isikilize sauti yangu, nyingine ijue nilipo. Mgeni anayebisha hodi hadi chumba cha kulala hukaribishwa kwa tahadhari, nyingi nilizinyima.

Jioni, baada ya chakula, binti yangu mdogo aliishika simu ile akaigeuzageuza. Kisha akasema, "Baba, tuwekee sauti ya bibi tuisikie kwenye simu mpya."

Mama yangu alifariki mwaka juzi kijijini. Hakuwa mwepesi wa kuandika, hivyo mjukuu aliyeishi naye alikuwa akimshikia simu naye akinena, kisha ujumbe wa sauti unaletwa kwangu kwa WhatsApp. Aliuliza kama mvua zimefika huku mjini, akawataja wajukuu mmoja mmoja, na hakumaliza bila kuuliza kama nimekula. Nilifungua mahali pake. Palikuwa patupu. Hapakuwa na neno moja.

Sitaki kukuficha: mikono ilinitetemeka. Nilikumbuka kwamba kesho yake asubuhi nilikuwa niitoe simu ya zamani kwa mtu nisiyemjua, ili nipate noti chache.

Ni binti yangu mkubwa aliyenieleza kosa langu, kwa adabu lakini bila kunipendelea. "Baba," alisema, "laini si simu. Fedha zako zimekuja kwa sababu haziko ndani ya simu. Ziko kwa kampuni, kwenye akaunti ya namba yako. Lakini picha, na mazungumzo, na sauti ya bibi, hizo zilihifadhiwa kwenye simu yenyewe." Hata majina ya watu, akaongeza, mengine hukaa kwenye laini na mengine kwenye simu, ndiyo maana nusu ya jamaa zangu walikuwa wamepotea.

Tukairudisha laini katika simu kuukuu, tukafungua WhatsApp upya, na namshukuru Mungu mazungumzo yalikuwa bado yamo. Tukatengeneza nakala ya akiba kwenye akaunti yangu ya Google, kisha tukaanza tena katika simu mpya na kuirejesha nakala ile. Kazi ilituchukua hadi saa nne za usiku. Sauti ya mama ilipotoka, akiuliza kama nimekula, hakuna aliyesema kitu pale mezani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nakusihi. Kwanza, ukinunua simu mpya usiiachie ya zamani haraka. Kaa nazo zote mbili japo juma moja. Pili, tengeneza nakala kabla ya kuhama, si baada. Tatu, zile tarakimu 6 za uthibitisho unazotumiwa wakati wa kuhamisha WhatsApp, pamoja na namba yako ya siri ya fedha, usimpe mtu yeyote, hata ajitambulishe kwa cheo gani. Nne, ukiamua kuiuza au kuigawa ile ya zamani, hakikisha kwanza umehamisha kila kitu. Kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti zako, halafu ifute irudi kama ilivyotoka kiwandani. Usipofanya hivyo, utakuwa umemkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba yako na picha za watoto wako.

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi tusinunue vipya. Mfanyakazi anayetoa jasho lake ana haki ya chombo kizuri. Nasema tu kwamba katika ule mkeka chakavu huenda umelala mtu wako, nawe hujui.

Simu kuukuu sikuipeleka Kariakoo. Imo kabatini, imezimwa, na mama watoto ameifunga kwa kitambaa.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wewe na jamaa zako mapumziko mema.