Usipite Nyuma ya Farasi Kimya

Katika Katanga farasi si mnyama wa watu wengi. Sababu moja inajulikana: inzi wa ndorobo anampa ugonjwa unaomwua. Basi wazee wetu walifuga mbuzi na kuku. Mbwa anayetaka kuuma, hata mtoto wa miaka mitano anamtambua. Lakini nani alitufundisha kumtambua farasi anayetaka kupiga teke? Na hata hivyo farasi wako Lubumbashi, watoto wetu wanapelekwa kuwaona siku ya Mungu, na kijana wa kambi anayetafuta kazi anaweza kuajiriwa kufagia zizi lao.

Kijana huyo, tuseme wazi, hapaswi kupewa koleo siku ya kwanza na kuambiwa: «Ingia, ni mnyama mpole.» Mpole naye akiumwa na inzi anapiga teke. Farasi mkubwa ana kilo 400 mpaka 600, na mara nyingi kwato zake zimepigiliwa chuma.

Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa chini ya pua yake, na nyuma kabisa ya mkia. Wenzetu wa mgodi wa wazi wanalijua jambo hili: dereva wa kamyo kubwa ana mahali asipoona, nasi hatupiti hapo mpaka ametuona. Tofauti ni kwamba kamyo haiogopi. Farasi akisikia kitu nyuma yake anapiga kwanza, anaangalia baadaye. Wachimbaji wa makaa wa Uingereza waliyajua hayo kwa maumivu. Mwaka 1913 farasi karibu 70,000 walikuwa wakivuta mabehewa chini ya ardhi kule, na wengi wa waliowaongoza walikuwa wavulana.

Basi mkaribie kutoka upande wa bega, ukimsemesha kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupita nyuma, pita mbali, mita 3 au zaidi. Mtu aliyezoea kazi anaweza kupita karibu kabisa, mkono juu ya matako ya mnyama, akiendelea kumsemesha, kwa maana hapo mguu haujapata nguvu. Pabaya kuliko pote ni pale katikati, mita moja au mbili, mahali ambapo mgeni anafikiri yuko salama. Masikio yakilala nyuma, mkia ukipigapiga, ondoka. Mguu wa nyuma ukiinuliwa pia, ingawa farasi anayepumzika hukunja mguu vilevile. Asiyemjua asibahatishe, akae mbali. Na kamba usiizungushe mkononi hata siku moja. Farasi akishtuka na kukimbia, atakuvuta nayo.

Akina mama, kichwa cha mtoto kiko sawasawa na kimo cha teke. Mtoto ashikwe mkono, asikimbie, asipige mpira karibu, na asiingie kati ya farasi wawili akiwa na chakula mkononi. Kupita karibu na matako si jambo la mtoto, hata kama baba yake anafanya kazi pale.

Kwa wenye farasi tuna neno moja. Anayepanda anavaa kofia ngumu. Kwa nini anayefagia nyuma ya miguu akae kichwa wazi? Mpeni kofia na viatu vya usalama, na siku za kwanza afanye kazi pamoja na mtu mzoefu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake, na haikusema kwamba zizi si mahali pa kazi. Teke la farasi kazini ni ajali ya kazi, litangazwe kama ajali nyingine.

Sasa teke la tumbo. Hilo ndilo linalotutia hofu zaidi, kwa sababu ngozi inaweza kubaki nzima huku ini au bandama linavuja damu ndani. Mtu anasema «si kitu», anarudi nyumbani, anaomba kukandwa, analala. Asikandwe, asipewe chakula wala pombe. Apelekwe hospitali saa ileile na kumweleza mganga kwamba ni teke la farasi. Tumbo likiwa gumu, jasho baridi, kizunguzungu, midomo kupauka, hapo hakuna nafasi ya kungoja asubuhi. Aliyepigwa kichwani naye vilevile, hata akisimama na kucheka. Akianza kutapika au kusinzia, ni hatari.

Kidonda, hata kidogo, kioshwe kwa maji mengi na sabuni. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika mavi ya farasi na katika udongo wa zizi, na jina lenyewe la ugonjwa huo lina punda ndani yake. Nenda na kadi yako ya chanjo. Kama imepotea, mwambie mganga hivyo, ataamua kama unahitaji sindano.