Kitenzi "Kujitolea" na Wafafanuzi wa Sayansi Mkoani Dodoma

Katika kitenzi jitolea, kirejeshi -ji- huashiria kuwa mtenda hujitoa mwenyewe, kwa hiari. Matumizi ya siku hizi yameipotosha maana hiyo. Mhitimu anayeandika vipeperushi vya utafiti kwa miezi sita bila posho husemwa "anajitolea", ilhali bila uzoefu huo haajiriwi.

Bodi ya Mikopo humkopesha mwanafunzi fedha za mafunzo kwa vitendo angali masomoni; akihitimu, mkopo hukoma. Hapo hudumu mwenye shangazi mjini wa kumpa malazi. Mzawa wa Mpwapwa au Kondoa hurudi kwao. (Barua za utambulisho za vijana hao nimeziandika mwenyewe, si bila haya.)

Hasara hii ni ya kiisimu pia. Utafiti wa mtama na uwele unaofanywa Hombolo huwalenga wakulima ambao wengi wao huzungumza Kigogo au Kirangi nyumbani. Istilahi sanifu pekee haziwezi kuwafafanulia ustahimilivu wa mbegu katika ukame. Anayezimudu lugha zote mbili ndiye tunayempoteza kwa kukosa nauli ya daladala. Kila mradi wa utafiti na umtengee mfafanuzi wake posho, kama unavyomtengea dereva.