Siku Mkubwa Asipokuwepo

Kabati lilikuwa la chuma, la rangi ya kijivu, limewekwa kando ya dirisha linalotazama ziwa. Mzee aliyelitunza alikuwa amelazwa hospitalini wiki ya pili, na ufunguo alikuwa nao yeye. Ndani mlikuwa na madaftari ya mishahara, mikataba ya wapangaji na mihuri miwili, kwa hiyo ofisi nzima ilikuwa imesimama. Siku ya 11 mkurugenzi alimtuma kijana mmoja kwenye komuni ya Kadutu akamlete fundi wa makufuli. Fundi alifika, akachuchumaa, akalifungua kabla chai haijapoa. Hapo ndipo tulipoiona shida yenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusoma madaftari yale. Mzee alikuwa na alama zake, vifupisho vyake na hesabu za pembeni alizozielewa peke yake. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 28.

Mimi nilikuwa pale kwa staji, yaani mafunzo ya kazi ya mwanafunzi. Kwa miezi mitatu nilitoa fotokopi, nilinunua krediti za simu za wakubwa na nilipeleka barua mjini kwa miguu. Mwisho wa muda, yule aliyepaswa kuniongoza alitia saini ripoti yangu bila kufungua ukurasa wa pili. Nilipata alama nzuri. Kazi karibu sikuijua.

Ofisi hiyo siitaji, kwa sababu aliyesoma Bukavu ana hadithi kama hii ya kwake. Mji wetu una vyuo vingi: Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili, ISP inayotoa walimu, ISTM inayotoa wauguzi na mafundi wa maabara. Kila mwaka vijana wao hushuka na barua mkononi kuomba staji kwenye benki, hospitali, mashirika na idara za Serikali. Wengi hupokewa. Wachache hufundishwa. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: mahali pa kazi, nani ana wajibu wa kumlea anayeingia, na kwa nini hatufanyi hivyo ilhali sote tunajua kwamba inafaa?

Jibu la haraka ni kwamba wakubwa wetu ni wachoyo. Silikubali. Yule mzee wa kabati alikuwa mtu mkarimu. Alinigawia samaki wake wa sambaza mchana, na siku mvua iliponinyeshea alinipa koti lake nirudi nalo nyumbani. Lakini kabla ya kuugua hakuwahi kunionyesha daftari hata moja, na leo naelewa sababu. Katika idara nyingi za nchi hii mtumishi anaendelea kwenda kazini hata nywele zikiisha kuwa nyeupe zote, kwa kuwa malipo ya kustaafu hayaji, au yakija hayamfikishi mwezi wa tatu. Huku nyuma yake kuna kijana aliyefanya kazi miaka bila mshahara, kwa kuwa bado hajaingizwa kwenye orodha ya Serikali, au kama tunavyosema hapa, hajamekanizwa. Mmoja anaogopa kutoka, mwingine anasubiri atoke. Katika hali hiyo, kumwambia mzee amfundishe kijana kila anachokijua ni kumwomba akabidhi sahani yake kabla hajashiba. Anachokijua ndiyo pensheni yake.

Kwa hiyo siamini kwamba utamaduni wa ulezi kazini utaletwa na semina. Tangu vita vya 1996 na 1998 mji huu umepokea mashirika mengi, na pamoja nao warsha zisizohesabika za kuimarisha uwezo. Tunazijua: ukumbi wa hoteli, bango ukutani, kalamu na daftari, chakula cha mchana, perdiemu, picha ya pamoja kwenye ngazi. Sisemi kwamba hazina faida yoyote. Mimi mwenyewe nilijifunzia humo kutengeneza bajeti ya mradi. Lakini mtu hafundishwi kazi kwa siku tatu na mtu asiyemjua, halafu akarudi kwenye meza ambapo bosi wake hana habari na alichosoma. Tena mikataba ya mashirika ni ya mwaka mmoja au chini yake. Mradi ukifungwa, aliyejua anaondoka na kompyuta inarudishwa, na mradi unaofuata unaanza upya kuuliza njia ya kufika eneo la Shabunda.

Kuna jambo jingine kuhusu ofisi zetu ambalo halisemwi sana. Karatasi zetu ni za Kifaransa, lakini kazi yenyewe inaelezwa kwa Kiswahili. Namna ya kuongea na mtu wa ushuru, mteja yupi hulipa kwa kuchelewa lakini hulipa, barua ipi isipelekwe siku ya Ijumaa: hayo hayamo kwenye kitabu cha taratibu. Yanasemwa mezani penye ugali na sombe, kati ya watu waliozoeana. Asiyekaribishwa kwenye meza ile hayapati, hata awe na diploma mbili. Mara nyingi asiyekaribishwa ni mwanamke, au mgeni asiye na ndugu pale.

Nendeni Kadutu mkaone mambo yanavyokwenda kwa mafundi. Jirani yangu wa zamani ana cherehani nne chini ya kibanda cha mabati. Kijana akija kujifunza, wiki za kwanza hagusi kikwembe cha mtu. Anapewa karatasi ya mfuko wa simenti na mkasi, anakata mikono, kola, mifuko, anaviunganisha kwa pini na kuvibomoa. Baadaye anapewa vipande vya nguo kuukuu. Akishona vibaya fundi hagombi, anaipitisha nguo kwenye mwanga, anasema, "Fumua." Kijana anafumua uzi mmoja mmoja, anashona tena. Nimeshuhudia mshono wa mfuko mmoja ukifumuliwa mara tatu asubuhi moja, na mteja akiambiwa kwa upole arudi kesho.

Fundi huyu hana moyo mzuri kumzidi mzee wa kabati. Tofauti iko kwenye hesabu. Kadiri kijana anavyojua, ndivyo fundi anavyoweza kupokea sare za shule nyingi zaidi mwezi wa nane. Ujuzi wa mdogo unamwingizia mkubwa. Ofisini ujuzi wa mdogo unamtoa mkubwa. Hata Kadutu, mafundi wengi hubaki na siri moja, ile ya kukata suti, na huichelewesha mpaka kijana akaribie kuondoka. Woga upo kila mahali. Ni kiasi chake kinachotofautiana.

Sheria yenyewe iliuona wajibu wa kufundisha tangu zamani. Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 ina sehemu nzima juu ya mkataba wa uanagenzi, ambamo mwenye kazi anajifunga kumpa mwanagenzi mafunzo kamili na ya utaratibu. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ipo tangu 1964, ina tawi hapa Bukavu, na inaishi kwa michango ya waajiri. Kwa hiyo hatukosi maandishi. Tunakosa mwajiri anayekaa chini na kijana wa staji wiki ya kwanza na kumwambia: huyu ndiye atakayekufunza, haya ndiyo utakayoyajua mwezi ukiisha, na mimi nitakuja kuangalia.

Mfano mkubwa zaidi tulio nao uko Panzi, hapa hapa Bukavu. Denis Mukwege alifanya kazi ya udaktari katika hospitali ya Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi mwaka 1989. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Hospitali ya Panzi ilianza 1999 baada ya maafa hayo, na miaka 19 baadaye muasisi wake alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Hayo yanajulikana. Kisichosemwa sana ni kwamba kazi yake ya kushona fistula, tundu ambalo mwanamke hupata kwa uzazi mgumu au ukatili, haiwezi kusomwa kitabuni. Inapita kwa mkono. Msaidizi anashika vyombo, anatazama, siku moja anaachiwa kushona safu ya juu, siku nyingine safu ya ndani, mpaka ifike siku mkubwa anasimama upande wa pili wa meza mikono ikiwa mitupu, tayari kusaidia lakini hagusi. Daktari Guy-Bernard Cadière wa Brussels amekuja Panzi mara nyingi kufanya upasuaji pamoja na Mukwege na kufundisha timu ya pale upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Yeye mwenyewe ni bingwa. Alikuja kukaa meza moja na wenzake, na hiyo ndiyo namna.

Kazi hiyo hiyo ya kushona fistula ina ushahidi wa ajabu zaidi Addis Ababa. Mamitu Gashe alikuwa msichana wa kijijini asiyejua kusoma alipoletwa kutibiwa fistula na madaktari Catherine na Reginald Hamlin mapema katika miaka ya 1960. Alibaki hospitalini akitandika vitanda. Halafu akawa anashika vyombo chumba cha upasuaji, halafu anashona, halafu anafanya upasuaji mwenyewe, na mwishowe madaktari wenye digrii wakawa wanasimama kando yake kujifunza. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu pamoja na akina Hamlin. Nikisikia mkubwa wa ofisi akisema kijana wa staji "bado hana kiwango", humkumbuka mwanamke huyu.

Lakini Panzi pia inatufundisha kwa upande wa pili. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Daktari Mukwege hapa Bukavu, wakamuua mlinzi wake. Yeye aliponea chupuchupu, akaenda Ulaya na familia. Hospitali ilikuwa na madaktari wengine, tena waliofundishwa vizuri, na bado pengo lake liliyumbisha kazi za kila siku. Wanawake aliowatibu waliuza mananasi na vitunguu kuchangia tiketi yake ya kurudi, na Januari 2013 alirudi. Machozi yalinitoka siku ile kama wengine. Hata hivyo najiuliza: kama nyumba iliyofundisha kwa bidii kiasi hicho ilitikisika, zile ambazo hazijawahi kumfundisha mtu zitafanyaje?

Swali hilo lilijibiwa mbele ya macho yetu. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini. Benki zilifunga milango, watu wengi wa vyeo walivuka mpaka au wakaelekea Kinshasa, na Jumatatu iliyofuata ofisi nyingi zilibaki mikononi mwa vijana na wasaidizi. Palipokuwa na aliyelelewa, kazi iliendelea kwa kiasi. Kwingineko tulirudi kwenye kabati la chuma.

Wapo watakaonijibu kwamba neno zuri la ulezi linaweza kuficha mabaya, na wana haki. Hapa kwetu tunamjua sana yule mkubwa anayekushika mkono: anakuingiza kazini kwa simu moja, kisha unamwia deni la utii maisha yako yote. Huyo si mlezi. Amekupa kiti, hakukupa ujuzi, na siku akianguka unaanguka naye. Na binti anayeambiwa "njoo jioni nikuonyeshe kazi" anajua vizuri anachoitiwa. Kwa sababu hiyo nasema ulezi ufanywe saa za kazi, mlango ukiwa wazi, mlezi akiwa ametajwa kwenye karatasi, na kijana awe na mtu wa pili wa kumweleza mambo yakienda kombo. Bila hayo, bora tusianze.

Wengine watasema hakuna muda wala fedha. Muda tunao, tunautumia kutafuta mafaili ambayo mtu mmoja ndiye ajuaye yalipo. Fedha kweli ni chache, lakini kinachohitajika kwanza ni kugeuza ile hesabu ya mzee, ili kufundisha kumwongezee kitu. Mkuu wa kitengo asipandishwe cheo mpaka aonyeshe mtu anayeweza kukaa mahali pake kwa mwezi mmoja bila kupiga simu. Anayekaribia kustaafu apewe mwaka wake wa mwisho afundishe tu, mshahara wake ukiwa kamili. Na Serikali ilipe malipo ya kustaafu. Hilo la mwisho ni zito kuliko yote, na mpaka litimie nitaendelea kuwaelewa wazee wanaolala na funguo zao. Shirika, duka au zahanati, hata hivyo, haina haja ya kuisubiri Kinshasa ndipo imkalishe kijana karibu na mjuzi.

Yule mzee alipona. Aliporudi alikuta kabati wazi na watu watatu wakiwa wameinamia madaftari yake, hawaelewi. Alivuta kiti bila kusema neno, akaketi katikati yetu, akaanza kusoma kwa sauti alama moja baada ya nyingine, nami nikiandika. Ilituchukua siku sita. Katika miezi mitatu ya staji yangu, hizo ndizo siku nilizofundishwa kazi, na yeye alionekana mwenye furaha kuliko siku zote nilizomjua.

Barua za staji zinaendelea kuandikwa vyuoni, na karibuni kijana mwingine atabisha hodi mlangoni kwako. Mkubwa wangu, usimwelekeze kwenye mashine ya fotokopi. Mwekee kiti kando ya anayeijua kazi, mpe kalamu, na umwambie aulize.