Wenye baiskeli tupite wapi?

Mhariri,

Nakuandikia mkono mmoja ukiwa na bendeji, na hasira bado haijapoa. Juzi nilitoka nyumbani Ikonda kwa baiskeli, nikapanda na kushuka milima ya Makete kwa raha zangu, nikalala kwa shemeji Njombe mjini. Jana asubuhi, ukungu ungali umetanda, nikaingia barabara ya Makambako. Milima haikunishinda. Kilichonishinda ni lori la mbao.

Lilinipigia honi likiwa tayari liko mgongoni. Mbele yangu basi linakuja, na barabara yenyewe, nyembamba vile, haina pembeni pa kukimbilia. Nikaingia mtaroni, mimi na baiskeli. Rimu ya mbele ikapinda, kiwiko kikachunika. Dereva hata breki hakugusa. Walionitoa ni vijana wa bodaboda, hao hao tunaowasema vibaya kila siku.

Mbele kidogo nikamkuta askari wa usalama barabarani, nikamweleza. Akanijibu, "Mzee, na wewe na baiskeli unatafuta nini barabara kuu?" Natafuta Makambako, afande! Kuna njia nyingine?

Kutoka Njombe mimi siioni, lakini kuanzia Makambako kwa kweli ingeweza kuwepo. Pale inapita reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ikapenya mahandaki na kuvuka madaraja mengi hadi kuteremkia Mlimba. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walihangaika kutafuta mwinuko wa taratibu, na huo ndio mwinuko ambao miguu ya mwendesha baiskeli inauombea. Siombi tupite juu ya mataruma, treni bado zinapita. Naomba kinjia tu kando ya reli, mbali na treni, pale ardhi inaporuhusu. Na zile reli zilizokufa je? Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. New Zealand walikuwa na reli iliyokufa kama hiyo huko Otago. Mwaka 2000 wakaifungua kuwa njia ya baiskeli, kama kilomita 150, na watu wanapanda ndege kwenda kuendesha baiskeli huko. Sisi tuta la reli yetu tumewaachia mbuzi.

Basi, kwa kuwa rimu ilikuwa imepinda, ikabidi nipande basi. Kondakta akataka nauli ya mtu mzima kwa ajili ya baiskeli, mbali na yangu. Nikalipa, nikaomba tiketi. Akasema baiskeli haina jina la kuandika. Na yale magunia ya viazi yaliyoziba njia kati ya viti, yana majina? Nani anakagua mambo haya?

Waheshimiwa hawawezi kujua. Barabara hiyo wanaiona kupitia vioo vyeusi, msafara ukikimbia na sisi tukiruka pembeni kuupisha. Wakati wa kampeni ndipo utamwona mmoja amepanda baiskeli, mita hamsini, apigwe picha.

Sitaki picha. Nataka wahusika watuongezee mita moja na nusu ya lami kila upande, Njombe hadi Makambako, na watuambie wataanza lini.

Mwendesha baiskeli,
Ikonda, Makete