Maswali ya Afisa wa Mpakani

Karatasi za maswali ya kujadili fasihi zina sura moja, ziwe zimechapwa Dodoma, Nairobi au Stockholm. Juu huwekwa jina la kitabu; chini yake jina la tatizo la jamii: ukimbizi, ubaguzi, rushwa, ndoa za utotoni, UKIMWI. Hufuata kitenzi cha kuamuru, "jadili", "onesha" au "thibitisha", na baada ya kitenzi hicho sentensi iliyokwisha kujijibu. Onesha jinsi mwandishi alivyofichua athari za ukoloni. Jadili, kwa hoja tatu, namna riwaya inavyoakisi matatizo ya wakimbizi wa leo. Mwanafunzi amekwisha kuambiwa kwamba athari zipo, kwamba mwandishi amezifichua, na kwamba kitabu ni kioo cha leo. Hana la kujadili. Kazi iliyobaki ni kuingia kitabuni na kapu, kuokota mifano, na kutoka.

Nadai kwamba swali la aina hii si swali, na kwamba dhara lake haliishii kwenye fasihi. Watetezi wake husema linaiunganisha fasihi na maisha. Kinachofanyika kwa kweli ni kumzoeza kijana kumtazama binadamu mwenzake kama kielelezo cha tatizo, na mazoea hayo ni sehemu ya matatizo yenyewe ambayo karatasi inadai kuyachunguza.

Mji ninamoandikia makala haya unahusika moja kwa moja. Tarehe 7 Oktoba 2021, hapa Stockholm, Akademia ya Uswidi ilimtangaza Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Katika kueleza sababu zake ilitaja namna alivyozichunguza, bila kulegeza msimamo na kwa huruma, athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi aliye kati ya tamaduni na mabara. Sentensi hiyo ilitungwa ili kueleza tuzo, na kwa kazi hiyo inatosha. Haikutungwa iwe mwongozo wa kusahihishia mitihani. Hata hivyo ndivyo inavyotumiwa: mwalimu huikata vipande viwili, athari za ukoloni upande huu na hatima ya mkimbizi upande ule, akapata maswali mawili ya kujadili kabla hajafungua ukurasa wa kwanza wa riwaya.

Uswidi ilipokea takriban maombi 163,000 ya hifadhi mwaka 2015, na Novemba ya mwaka huohuo serikali ikatangaza kukaza masharti. Tangu hapo neno "mkimbizi" si neno tulivu katika darasa lolote la nchi hii. Chukulia basi darasa katika kitongoji kama Rinkeby au Tensta, ambako familia nyingi zina asili ya nje ya Uswidi. Inagawiwa karatasi inayouliza mkimbizi hujisikiaje anapofika nchi ya ugeni. Macho ya darasa yataelekea wapi? Yataelekea kwa binti aliyezaliwa hapahapa na wazazi waliotoka Somalia au Burundi. Hakuulizwa kuhusu sitiari, wala kuhusu msimulizi anayeficha mambo, wala kuhusu muda unaorudi nyuma na kusonga mbele. Ameombwa ushahidi. Wenzake ni wasomaji. Yeye amekuwa kiambatisho cha kitabu.

La kushangaza ni kwamba Gurnah mwenyewe aliandika riwaya kuhusu maswali ya namna hii. Katika By the Sea, iliyochapishwa mwaka 2001, mzee Saleh Omar, aliyekuwa mfanyabiashara wa samani Zanzibar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na hati yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa asioneshe kwamba anajua Kiingereza. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anamuuliza na kumuuliza. Mzee hatoi ila maneno ya kuomba hifadhi. Afisa anasimulia kuwa hata wazazi wake walikuwa wakimbizi, kutoka Rumania. Kisha anaupekua mzigo, anakiona kasha la udi, na analichukua.

Tulitazame tukio hili kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna hoja yote ya makala haya. Afisa ana maswali mengi, lakini yote yanatafuta majibu ya aina moja: unatoka wapi, kwa nini umekuja, una haki gani ya kuingia. Katika maswali hayo udi hauna pa kukaa. Nao udi ndio unaobeba hadithi, kwa sababu kwa njia yake msomaji anafikishwa kwa mfanyabiashara aliyekuja na pepo za msimu, kwenye mkopo, kwenye nyumba iliyowekwa dhamana, na kwenye ugomvi wa familia mbili. Anagundua pia kwamba jina lililo katika hati ya mzee ni la mtu ambaye nyumba yake iliishia mikononi mwa mzee huyuhuyu. Mkimbizi tuliyefundishwa kumwonea huruma aliwahi kuwa sababu ya wengine kukosa makazi. Sasa mpe mwanafunzi karatasi isemayo: onesha masaibu ya mkimbizi katika riwaya hii. Ataandika kurasa nne na atapata alama nzuri, naye atakuwa amefanya alichofanya afisa: amejaza fomu, na udi haukuingia katika maelezo yake.

Je, kuna namna nyingine ya kuuliza? Ipo, na tena Kiswahili kina nafasi ya pekee katika kuipata. Chukua Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Yeye hajui; anadhani anakwenda kukaa kwa jamaa. Katika Kiingereza humwita Aziz kwa neno moja linalotumika kwa ndugu wa baba na kwa ndugu wa mama pia. Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, anamkatalia: huyu si jamaa yako, mwite Seyyid. Kiingereza hakilazimiki kuchagua. Kiswahili kinalazimika: ami au mjomba? Kila neno lina haki zake, wajibu wake na mapenzi yake. Mwanafunzi aulizwe hivi: ungechagua neno lipi, na uongo gani ungekuwa umeusema kwa kulichagua? Kisha afungue tafsiri aone mfasiri ameamua nini, na aujadili uamuzi huo.

Swali hili linaonekana dogo, la lugha tu. Lakini lifuate uone linakofika. Linafika kwenye nyumba zetu za Dar es Salaam na Mombasa, ambamo msichana aliyetolewa kijijini huitwa "dada" na watoto wa nyumba, hulala jikoni, na mshahara wake huzungumzwa kana kwamba ni fadhila. Neno la ujamaa linapomfunika mfanyakazi, nani anafaidika? Hapo ndipo tatizo la kijamii la leo linapojitokeza, bila mtu kuliandika juu ya karatasi. Nalo limejitokeza likiwa na aibu ndani yake, kwa kuwa linamgusa muulizaji na mwulizwa pia. Linganisha na "jadili athari za ukoloni katika Peponi". Swali hilo humwezesha kila mtu kumlaumu Mjerumani na kwenda kulala. Riwaya haikubali usingizi huo: deni la Yusuf ni la watu wa pwani na bara kabla ya kuwa la mkoloni, mzee Hamdani, mtunza bustani, alipopewa uhuru aliukataa, na mwishoni Yusuf mwenyewe anaukimbilia msafara wa jeshi la Wajerumani. Kwa nini anawakimbilia? Hakuna mwongozo wa kusahihisha wenye hoja tatu utakaolimaliza swali hilo.

Nyumbani hali si tofauti. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari Tanzania wamesoma tamthiliya ya Steve Reynolds, Orodha, inayohusu UKIMWI. Msichana Furaha anafariki na kuacha barua yenye orodha. Wanaume wa kijiji wanaingiwa na hofu kwamba majina yao yamo. Orodha inaposomwa, majina waliyoyaogopa hayamo. Mwandishi amejenga mchezo mzima juu ya tamaa yetu ya kupata orodha, kisha akatunyima ile tuliyoitarajia. Nasi tunafanya nini na tamthiliya hiyo? Tunamwambia mtahiniwa aorodheshe dhamira.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza: mwalimu ana darasa lililofurika, na mtihani wa taifa unahitaji majibu yanayosahihishika. Hili lina uzito kwa yule anayesahihisha mamia ya karatasi, lakini halihalalishi swali lenye jibu ndani. Jibu la swali la ami na mjomba linasahihishika pia: je, mtahiniwa ametaja mahali katika matini? Ametambua sehemu inayopingana na dai lake? Ameeleza kwa nini bado analishikilia? Hivyo ni vipimo vitatu vilivyo wazi, navyo haviwezi kukaririwa kutoka kitabu cha majibu kinachouzwa stendi ya basi.

La pili ni zito zaidi. Tumerithi uhakiki unaoshikilia kwamba fasihi ni ya jamii, wala si pambo la wasio na kazi. Atakayesema tuulize kuhusu maneno na usimulizi ataambiwa anaturudisha kwenye pambo. Naukubali urithi huo, na kwa sababu naukubali napinga karatasi hizi. Anayeichukulia jamii kwa uzito haendi kwake na jibu mkononi. Kijana aliyezoeshwa kutoa sababu nne za umaskini na athari tano za ukimbizi hajakaribia maskini wala mkimbizi hata hatua moja. Kesho atakaa nyuma ya meza ya ofisi, mwenye shida atasimama mbele yake, naye atatafuta ni kisanduku kipi cha kutia alama.

Wala hatuhitaji kuazima mbinu kutoka mbali. Ushairi wetu una jadi ya kujibizana, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye beti zake zilivuka bahari kuwakabili watu wa Lamu, hadi malumbano ya washairi magazetini. Mshairi hutupa fumbo lake hadharani, na likishatoka mikononi mwake hawezi tena kuyatawala majibu. Hapa Stockholm pia upo mfano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa Rinkeby huandaa kijitabu kuhusu mshindi wa Nobeli ya Fasihi, na washindi kadhaa wamefika katika maktaba ya kitongoji hicho kukutana nao. Siku hiyo mtoto wa Rinkeby ndiye msomaji na mwenyeji, na mwandishi mashuhuri ndiye mgeni anayepokewa.

Kwa walimu wa Kiswahili walio ughaibuni, ambao katika nchi hii hufundisha lugha ya mama chini ya utaratibu ulioanza na mageuzi ya mwaka 1977, nafasi hii iko wazi zaidi, kwa kuwa vipindi ni vichache na hakuna mtihani wa taifa unaowakaba. Wasitafsiri karatasi za darasa la jirani. Waanze na kasha la udi. Afisa amelichukua: je, ni wizi, ni ushuru, au ni bei ya kuingia? Na mzee anayejua Kiingereza, kwa nini anamwacha aende nalo bila kusema neno? Mwalimu akiuliza hayo, asiwe na jibu mfukoni.