Tulisoma leso, hatukusoma jina

Wateja hutuuliza mara nyingi: pesa ikienda kwa mtu asiyehusika, kosa ni la nani? Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa fupi. Kosa ni lako, ulikuwa na haraka. Leo tunalibadilisha jibu hilo, na tutakueleza kwa nini.

Sisi ni mke na mume, mawakala wa pesa kwa simu hapa Ikonge, Kaunti ya Nyamira. Mwezi wa kumi, bonasi ya majani chai ikiingia, foleni yetu hufika hadi barabarani. Mwaka jana, foleni ilipopungua, tulifunga kibanda siku chache tukaenda Mombasa. Si kwa sababu tulikuwa na pesa za kutupa. Ni kwamba miaka yote tumekuwa tukihesabu pesa za chai, na chai yenyewe huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, kisha hupakiwa melini Kilindini. Tukasema, wacha na sisi tukaone inakopitia.

Tulipanda basi la usiku kutoka Kisii hadi Nairobi, kisha treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini, tukalala kwa binamu yetu Changamwe. Siku ya kutembea ilikuwa moja tu, kwa hivyo tuliipangia bajeti kama watu wa hesabu. Simu moja ya kulipa, simu ya pili ya akiba, na noti kidogo mfukoni. Hilo tunakushauri mpaka leo. Ukitoka na mwenzako, msiweke pesa zote kwenye simu moja, kwa sababu chaji ikiisha mkiwa ugenini, mtarudi nyumbani kwa miguu.

Asubuhi tulianza na Fort Jesus. Wareno waliianza ngome ile mwaka wa 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 na kuichukua 1698, na baadaye Waingereza wakaifanya jela. Tulisimama juu ya ukuta tukitazama bahari, mmoja wetu akiuliza watu walikula nini miaka yote ile ya kuzingirwa. Tukapita vichochoro vya Mji wa Kale, tukapiga picha chini ya pembe za Moi Avenue, tukashuka hadi Likoni. Feri, kama hujui, abiria wa miguu halipi. Tulivuka na kurudi bure kabisa, tukaona meli ya makontena ikipita polepole kuelekea Kilindini. Mmoja wetu akasema, "Labda ndiyo hiyo itabeba majani yetu." Kwetu sisi hiyo peke yake ilitosha safari.

Sasa tufike Biashara Street, kwenye maduka ya leso.

Wanawake wa chama walikuwa wametuma shilingi 3,000 tuwaletee leso, pea tano za 600. Pesa ya chama unajua ilivyo. Ikipotea, huelezi mtu mmoja, unaeleza mkutano mzima. Pale dukani tulikaa karibu nusu saa. Leso ina maandishi, na hakuna mwanamke mwenye akili anayenunua leso bila kuyasoma. Ukimpelekea mama mkwe leso yenye kijembe, umeanzisha vita ambayo hutaimaliza. Basi tukazifungua moja moja, tukasoma kwa sauti, tukamwuliza mwenye duka maana ya yale tusiyoyaelewa, nyingine tukazirudisha.

Tulipofika kulipa, nambari ya tili ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha katoni. Moja na saba zilifanana. Nyuma yetu watu watatu walikuwa wanangoja, mmoja akigongagonga meza kwa sarafu. Tukaandika nambari, tukaandika 3,000, na jina likatokea kwenye skrini kabla hatujathibitisha. Mmoja wetu akalisoma: "Baba watoto, hapa imeandikwa vifaa vya ujenzi."

Mwingine akajibu: "Hiyo ni kawaida. Hata kibanda chetu huonyesha jina lingine."

Tukabonyeza.

Mwenye duka akatazama simu yake, akangoja, akatazama tena. "Haijaingia, kaka. Na sisi hapa hatuuzi misumari."

Huduma kwa wateja tuliwapigia papo hapo, tukiwa bado tumesimama pale kaunta, tukaomba muamala urudishwe. Leso ilibidi tuzilipie mara ya pili, kwa pesa tuliyokuwa tumeitenga ya chakula na tuktuk. Biriani tuliyoiota tangu Kisii ikageuka viazi karai, na Mama Ngina tukaenda kwa miguu. Jua lilizama vizuri sana, lakini hatukuongea sana.

Pesa ilirudi siku ya tatu, tukiwa tumeshafika Ikonge. Mwenye lile duka la vifaa alikuwa hajaigusa, na akakubali irudishwe. Tulibahatika. Lau angekuwa mtu mwingine, au angekuwa ameshaitoa, huenda tungekuwa tunailia mpaka leo.

Lakini kilichotuuma zaidi ya zile siku tatu ni lile jibu, "Hiyo ni kawaida." Nani alitufundisha kwamba ni kawaida? Tulijifundisha wenyewe. Na si hilo tu, tumewafundisha wateja wetu.

Ukija kutoa pesa kwetu, ubao wa nje una jina moja na simu yako inaonyesha jina lingine kabisa, lile ambalo biashara ilisajiliwa nalo. Mwezi wa kumi, siku ya foleni ndefu, mama mmoja mzee alisimama akatazama simu yake akasema, "Mwanangu, hili jina si lenu." Tukamjibu, "Bonyeza tu mama, watu wanangoja." Akabonyeza. Siku hiyo hakupoteza kitu, pesa ilikuja kwetu kama kawaida. Lakini alikuwa anafanya jambo sahihi kabisa, na sisi, ambao kazi yetu ni kumlinda, ndio tuliomkataza. Siku akiandika nambari vibaya na jina la mgeni litokee, atasimama tena? Hatasimama. Tulishamwambia majina hayana maana.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya. Mteja anapokosea nambari, kosa lake ni nusu tu. Nusu nyingine ni yetu sisi tulio upande wa pili wa kaunta. Tunamwambia mteja asome jina, lakini hatumpi jina la kulilinganisha nalo. Kusoma bila kitu cha kulinganisha ni kutazama tu.

Tunajua wenzetu watasema kubadilisha jina lililosajiliwa kuna makaratasi na kungoja. Ni kweli. Lakini kuandika jina hilo kwenye karatasi hakuna makaratasi yoyote. Bandika chini ya nambari yako: "Simu yako itaonyesha jina hili." Liandike kama linavyotokea, herufi kwa herufi. Sisi tumeshabandika, na gharama ilikuwa kalamu ya wino mzito. Nambari yenyewe iandike kubwa, saba iwe saba na moja iwe moja. Na mteja akisimama kusoma, mwache asome. Foleni haijawahi kuua mtu. Wanaolalamika nyuma yake ndio hao hao watakaokuja kesho wakilia kwamba pesa imepotea.

Wewe mteja nawe, una nusu yako. Jina likitokea, lisome kwa sauti na mwuliza muuzaji: "Ni hili?" Usione haya. Mkiwa wawili, mmoja aandike, mwingine asome nambari upya kutoka kwenye ubao. Na mwenzako akisema jina si lenyewe, usimjibu kama tulivyojibu sisi. Jina likiwa geni, ghairi kwanza, uliza baadaye. Ukishakosea, usianze kubishana na aliyepokea wala kumtukana. Piga huduma kwa wateja mara moja na utunze ujumbe wa muamala, kwa sababu pesa ikishatolewa upande ule, kuirudisha ni kazi ngumu. Na katika haya yote, hakuna mtu wa huduma kwa wateja atakayekuuliza nambari yako ya siri. Anayekuuliza ni mwizi.

Yule mama mzee alirudi kwetu mwezi wa pili. Tulimwonyesha karatasi mpya ukutani. Akavaa miwani, akatazama ukuta, akatazama simu, akatazama ukuta tena. Nyuma yake walikuwa watu sita. Tukawaambia wangoje.