Muuguzi Asomaye Kituoni Asidharauliwe

Imezuka katika baadhi ya ofisi za umma tabia ya kumdharau muuguzi anayesomea shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao. Muuguzi akikiacha kituo chake kwa miaka miwili, akapanga chumba mjini na kuhudhuria darasa lenye kuta nne, huitwa msomi. Akisoma masomo hayo hayo, akafanya mitihani ya kiwango kile kile, huku akiendelea kuwahudumia wananchi wa kata yake, huambiwa kwamba shahada yake ni ya simu. Dharau hiyo haina msingi wowote wa kielimu. Hiyo ni kasumba, na watakaoilipia ni wagonjwa.

Yafaa kwanza ieleweke ni elimu gani inayobezwa. Uuguzi wa afya ya jamii haumfundishi mtu kuchoma sindano wala kufunga kidonda. Hayo muuguzi aliyesajiliwa ameyajua zamani. Unamfundisha kuinua macho kutoka kitandani na kuitazama jamii nzima. Watoto kumi wa kitongoji kimoja wakiletwa na kuhara katika juma moja, muuguzi wa aina hiyo huwatibu, kisha huuliza wanakunywa maji ya kisima gani. Husoma takwimu, maenezi ya magonjwa, mipango, bajeti na sera za afya, ili awe na uwezo wa kuuziba ufa kabla ukuta haujaanguka.

Wala elimu hiyo si mzuka wa juzi. Katika Vita vya Crimea vya mwaka 1853 hadi 1856, Florence Nightingale aliwauguza askari wa Uingereza. Lakini kazi yake iliyodumu kuliko zote ilikuwa ni kuhesabu. Alionyesha kwa hesabu na kwa michoro, aliyoitoa mwaka 1858, kwamba askari waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha, na kwamba sehemu kubwa ya maradhi hayo ingeweza kuzuiwa kwa usafi. Mwaka 1893 katika jiji la New York, Lillian Wald alianza kuwapeleka wauguzi katika nyumba za maskini badala ya kuwangojea maskini hospitalini. Kumbe asili yenyewe ya uuguzi wa kisasa ni afya ya jamii.

Mfano wa nyumbani nao upo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliopatwa. Ugonjwa huo hauna dawa iliyothibitishwa ya kuuponya wala chanjo iliyoidhinishwa, lakini ilipofika Juni 2 mwaka huo mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Ulizimwa kwa kuwatafuta wote waliokutana na wagonjwa, kuwafuatilia siku 21, kuwatenga walioonyesha dalili, kuzika kwa uangalifu na kuwaelimisha wananchi kwa lugha wanayoielewa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ugonjwa huo ulirudi tena Kagera, wilayani Biharamulo, ukaua watu 10 kabla haujadhibitiwa. Ni nani basi mwenye ujasiri wa kusema kwamba mkoa kama huo hauhitaji wauguzi waliobobea katika elimu hiyo?

Wapo wanaodai kwamba uuguzi ni kazi ya mikono, kwa hiyo haufundishiki kwa njia ya mtandao. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingehusu mwanafunzi asiyewahi kumgusa mgonjwa. Anayesomea uzamili ni muuguzi tayari. Tena vyuo vyenye heshima haviishii katika kutuma masomo. Nchini Marekani, ambako masomo ya namna hii yameenea sana, mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na Chama cha Vyuo vya Uuguzi unadai saa zisizopungua 500 za mazoezi ya kazi kwa ngazi hiyo ya juu, nao umeitaja afya ya jamii miongoni mwa nguzo 10 za elimu ya uuguzi. Saa hizo mtu huzifanya mahali palipo na watu, chini ya msimamizi. Kwa muuguzi wa wilayani, darasa la mazoezi ni wilaya yake mwenyewe.

Walimu hasa wasikubali kudanganywa katika jambo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto, vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Kuanzia mwaka 1976 makumi ya maelfu ya vijana walifundishwa ualimu wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, huku wakishika chaki mchana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na maradhi, nao wakatoka hapo wakachimba vyoo. Taifa lililofanya hayo kwa redio na bahasha haliwezi leo kushangaa kwamba mtu anaweza kujifunza akiwa mbali na mwalimu wake.

Wapo pia wanaosema kwamba shahada kubwa ni ya daktari, na kwamba muuguzi atosheke na kutii. Hao wakafungue vitabu vya MTUHA. Katika kila zahanati muuguzi hujaza vitabu hivyo siku hata siku: waliozaliwa, waliochanjwa, walioharisha, waliofariki. Mwisho wa mwezi hesabu hupelekwa wilayani, na mara nyingi safari yake huishia hapo, kwa kuwa aliyeziandika hakufundishwa kuzichambua na aliyezipokea hana nafasi ya kuzichambua. Anayeandika vifo vya watoto kwa mkono wake ndiye wa kwanza kustahili elimu ya kujua sababu zake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonong'onwa zaidi: wakisoma watakimbia. Ni kweli kwamba wapo wanaotafuta karatasi ili wapande ngazi na kukaa mbali na mgonjwa. Lakini mtu anayekaa Kibondo au Liwale, akasoma usiku baada ya zamu, kwa vifurushi vya intaneti alivyonunua kwa mshahara wake, amekwisha onyesha kwamba anaweza kusoma bila kukimbia. Mara nyingi kinachomfukuza ni kukipeleka cheti chake kwa mwajiri kikafungiwa kabatini, naye akarudishwa palepale, kwa kazi ile ile, bila kuulizwa amejifunza nini. Urasimu wa namna hiyo humsukuma mtu aondoke, kisha humlaumu kwa kuondoka.

Hata hivyo kumtetea muuguzi huyu si kukitetea kila chuo kinachojitangaza. Wako wafanyabiashara wa vyeti wanaouza shahada kama wauzavyo vitenge. Dawa yake inajulikana: muuguzi aulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo kinatambuliwa, na aulize Baraza la Uuguzi na Ukunga kama shahada hiyo itakubaliwa, kabla hajalipa hata shilingi moja. Kipimo kiwe ubora wa chuo, uzito wa mitihani na ukweli wa mazoezi. Umbali wa darasa usiwe kosa.

Yanayotakiwa kutendwa hayahitaji tume wala semina. Halmashauri zimpangie muuguzi anayesoma zamu zinazomwezesha kusoma. Utafiti wake uhusu tatizo la wilaya yake, na matokeo yake yasomwe katika kikao cha timu ya afya ya wilaya badala ya kuozea maktabani. Hospitali ya wilaya imfungulie intaneti ya ofisi, ambayo usiku haitumiki. Akihitimu, shahada iliyothibitishwa iingizwe katika muundo wake wa utumishi bila kusukumwa kutoka meza hadi meza. Naye kwa upande wake atumike wilayani hapo kwa muda uliokubaliwa kwa maandishi, kwa kuwa haki bila wajibu ni unyonyaji.

Shirika la Afya Duniani liliufanya mwaka 2020 kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, na hotuba nyingi za sifa zikatolewa. Sifa hazichunguzi kisima wala hazihesabu siku 21. Afisa utumishi aliye na barua ya muuguzi katika trei yake, akiomba shahada yake itambuliwe, ana nafasi ya kufanya jambo lenye manufaa kuliko hotuba zote hizo. Aisome barua hiyo leo, na aijibu.